Mnazi Uliofungwa Ukindu

Zuhura mwanangu,

Hata hujaondoka na mimi nimeshaanza kukuandikia. Umetoka baada ya alasiri kwenda kuwaaga mama zako wadogo, na kwa ninavyowajua watakulisha kila nyumba mpaka ushindwe kutembea, basi nimepata nafasi. Nimekaa hapa kibarazani na kalamu yako ya shule, na jenereta ya nyumba ya wageni ya jirani inanipigia kelele masikioni. Kesho chapa, kibasi cha Pemba, inaondoka alfajiri, na stendi si pahali pa maneno. Nitakupa barua hii mkononi, utaisoma tukishaachana. Kiswahili changu ni cha shule ya msingi ya Mtwara. Wewe na Kireno chako cha Msumbiji mtanivumilia.

Habari za kufunga mlango, za kula vizuri, za kumjibu mkubwa wako wa kazi, sitaziandika. Nimezisema wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia maneno mdomoni. Nakuandikia kwa sababu ya jambo ulilolisema Ijumaa tukichambua mchele. Ulisema, "Mama, baba hayupo, na mimi naondoka. Utakaa na nani humu? Nipe nyumba hii niiuze. Itakuwa nyumba yangu ya kwanza pale ofisini, niingie na kitu mkononi. Kisha uje Pemba tukae wote."

Nami nikauliza chumvi iko wapi. Nilikusikia, mwanangu. Nilikusikia vizuri sana, ndiyo maana nikaitafuta chumvi na ilikuwa mbele yangu.

Usidhani nilikasirika. Tangu hiyo gesi ionekane huko baharini, hakuna mtu hapa Palma ambaye hajaulizwa kama anauza. Nilianza kuulizwa mimi wewe bado ukichezea kombe pwani. Na hiyo ofisi unayokwenda, hata ikiwa na kiyoyozi na viti vya kuzunguka, kazi yake ni udalali: kumtafutia mwenye nyumba mnunuzi, na mnunuzi nyumba. Si kazi ya aibu. Ila mimi nilishawahi kusimama kati ya madalali wawili na kumchagua mmoja, na mji mzima unajua nilivyochagua. Wewe umesikia vipande vipande kwa watu. Leo usikie kwangu.

Unaikumbuka nyumba ya babu yako kule karibu na msikiti, upande wa ghuba? Babu yako alipokufa, nyumba ikawa ya baba yako. Dada yake, shangazi yako Atija, alipewa minazi mitatu iliyokuwa uani. Ndivyo wanavyogawana watu wa hapa: mwanamke anaweza kuwa na mti katika uwanja usio wake, na mti huo ni wake kama sanduku lake la nguo lilivyo lake. Hakuna karatasi, na hakuna aliyeitaka. Mmoja katika ile mitatu ulipandwa juu ya kitovu chake, yeye mchanga. Alipoolewa kisiwani Macaloe aliendelea kuja kila nazi zikikomaa, na mkwezi wake na magunia yake, akaangua, akalala kwetu, akarudi kwa mumewe.

Mimi na wifi yangu hatukuwa tunaiva chungu kimoja. Akija tu, alifunua masufuria yangu. Alinionja mchuzi akanyamaza, na kule kunyamaza kulinichoma kuliko tusi. Mbele za watu aliniita mtu wa ng'ambo, kwa kuwa nimezaliwa upande ule wa Ruvuma, kama vile yeye hakuvaa kanga za huko huko mwaka mzima. Nakwambia haya ili ujue nilikuwa na moyo gani madalali walipokuja.

Baba yako alikuwa Mtwara kufuata mali. Wakati ule alikuwa anavuka Namoto na sukari na kanga mpaka watu wa mpakani wakamzoea. Tukakubaliana kwa simu kwamba tuuze, tununue nyumba ndogo huku juu, mbali na zile gari kubwa zilizoanza kujaa pwani, na kitakachobaki kikusomeshe wewe. Akasema, "Zungumza nao, chagua dalali unayemwona anafaa." Halafu akaongeza, "Na Atija mwite." Nikasema, "Ndiyo." Niliisema vizuri kabisa, kwa sauti ya mke mwema.

Dalali wa kwanza alikuwa Mzee Chande, yule unayemjua, mla tumbaku. Hakupiga hodi. Alisimama nje ya ua wetu akitazama juu, mimi nikadhani anatafuta ndege.

"Huu mnazi wa nani?"

"Wa hapa hapa, mzee."

"Sikuuliza uko wapi. Nimeuliza wa nani."

Nikamkaribisha kahawa, akakataa. Yeye hali wala hanywi katika nyumba kabla hajamaliza kuiulizia. Akaenda kwa jirani wa kulia akakaa. Akaenda kwa jirani wa kushoto akakaa. Kesho yake akarudi, akakaa tena, wanacheka huko, mimi niko jikoni nawaka moto. Nani alizaliwa humu, nani alifia humu, njia ya maji inapita wapi, nani ana mti humu. Siku ya mwisho alikuja na ukindu mkononi, akaifunga ile minazi mitatu, kila mmoja fundo moja. Ndiyo alama yake: mti uliofungwa ukindu haumo katika mauzo mpaka mwenyewe aje aseme kwa mdomo wake. Akafanya hivyo mchana kweupe, watu wanapita wanakwenda swala.

Nikamfokea. "Mzee, umekuja kuuza nyumba au kunivua nguo?"

Akatema tumbaku yake pembeni. "Mama Zuhura, serikali inasema ardhi ni yake, si yako wala si yangu. Mtu hapa anauza alichojenga na alichopanda. Sasa wewe hukupanda hii, na mumeo hakuipanda. Mwite wifi yako. Akikubali, hata leo natafuta mnunuzi."

Na mimi sikutaka kumwita. Hilo tu, mwanangu, hakuna kingine. Sikutaka aje akae kibarazani pangu kama malkia, nimwombe ruhusa ya kuuza nyumba ya mume wangu.

Baada ya siku chache akaja kijana wa ofisi moja ya Pemba, jina lake Amade. Shati limepigwa pasi, ana kamera, ana mkoba. Kila ninalosema, "Não tem problema, mamã." Kwake hakukuwa na tatizo hata moja duniani. Akaisifu kahawa yangu. Akakisifu kibaraza. Akanisifu Kireno changu, nami Kireno nilikuwa nacho cha kusalimia na kununulia sabuni. Nilivimba kichwa, Zuhura. Nilikuwa na miaka sijasifiwa na mtu.

Lakini usimfanye kijana wa watu mwizi, maana hakuwa mwizi. Aliniuliza. Kalamu mkononi, akanitazama usoni, akasema, "Mamã, yuko mtu mwingine mwenye haki katika uwanja huu?" Nikasema, "Hakuna." Akaandika. Akaona ule ukindu, akauliza ni wa nini. Nikamwambia watoto wanacheza. Alipoondoka nikaufungua kwa mkono wangu, mafundo yote matatu, nikautia jikoni chini ya sufuria ya maharage.

Nimekaa miaka nikijiuliza nilimchagulia nini yule kijana. Watu walisema nilipenda haraka, wengine wakasema nilipenda ofisi na kamera. Hapana. Wote wawili waliuliza swali lile lile. Amade aliniuliza mimi, Mzee Chande akawauliza majirani. Mimi nilikuwa na uongo, kwa hiyo nikamchagua dalali atakayeniamini.

Na utacheka ukisikia hili. Nyumba ya pwani ilipouzika, ikabidi tutafute ya kununua. Unadhani nilikwenda kwa nani? Nilikwenda kwa Mzee Chande. Nikiuza nilimtaka asiyechimba. Nikinunua nikamtaka anayechimba mpaka majirani wamchoke. Aliponiona mlangoni kwake alicheka mpaka akakohoa. "Ehee, Mama Zuhura, leo umenikumbuka!" Akaizunguka nyumba hii tunayokaa kwa namna yake ile ile, akaufunga ukindu mkorosho wa pale mpakani, akamleta mwenye mkorosho, mambo yakaisha kwa amani. Mpaka leo hakuna mtu aliyekuja kutugongea kusema ana kitu humu.

Baba yako aliporudi aliniuliza, "Atija amesemaje?" Nikasema, "Amekubali." Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Walionunua pwani walitaka uwanja mtupu wa kuwekea magari na mitambo yao. Nyumba ikavunjwa. Minazi ikakatwa.

Shangazi yako akaja kuangua nazi zake. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuja na mkwezi wake na magunia yake kama siku zote, akaenda moja kwa moja pwani. Ulikuwepo, wewe ndiye uliyekuja mbio kuniita, "Mama, shangazi amekaa chini kule kwenye magari." Nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo tayari njiani, yale ya kunionja mchuzi, yale ya mtu wa ng'ambo. Nikamkuta amekaa juu ya gogo la mnazi. Ule wa kitovu chake. Hakunitukana. Alinitazama akasema, "Wifi, ungeniambia, ningekuja kuiaga."

Basi. Hayo tu.

Angenipiga kofi ningeshukuru.

Akanyanyuka, akaanza kupekua kwenye makuti na takataka pembeni mwa ua. Akapata nazi moja iliyokwisha kuota, ina kijani kidogo. Akaibeba kichwani mpaka hapa nyumbani, akaazima jembe, akachimba nyuma ya bafu, akaipanda. Wewe ulimletea maji ya kumwagilia. Alipomaliza alijipangusa mikono akasema, "Huu wa Zuhura. Yangu imekwisha." Nikamletea maji ya kunywa. Akasema hana kiu, kutoka pwani hadi hapa kwenye jua lile, hana kiu. Tangu siku ile anakuja kututazama, alikuja kwenye msiba wa baba yako akalia pamoja nasi, ananisalimu vizuri na anakuuliza wewe masomo. Maji yangu hajanywa.

Na baba yako. Unakumbuka tulivyokula wali wa chukuchuku mwaka mzima? Ulidhani ni presha, nami nikakuacha udhani hivyo. Siku alipojua, hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye mkeka, akalisogeza sinia, akasema, "Mimi usinitilie nazi." Samaki bila nazi, mchicha bila nazi, kunde bila nazi, mtu aliyezaliwa pwani hii! Nilipika nikilia. Ni Atija huyo huyo aliyekuja kumfungua. Alimwambia, "Kaka, kula nazi. Nazi haijakukosea kitu." Siku ile ndipo alipokula. Nilimpenda wifi yangu siku ile, nikachelewa kumwambia, na bado sijamwambia.

Sasa nije kwako.

Ulipolisema lile neno lako Ijumaa, Jumamosi nilikwenda kwa Mzee Chande bila kukwambia. Nilijisemea, kama ni kuuza, atauza yeye, si watoto wa ofisini. Macho yake sasa yamekwisha, anaongozwa na mjukuu, na tumbaku hajaacha. Nikamweleza. Akaniuliza yale yale.

"Nani ana mti humo?"

"Mimi, mzee. Mume wangu kafariki, mtoto ninaye mmoja."

"Una hakika?"

"Nyumba yangu hiyo, nisiwe na hakika?"

"Nenda katazame vizuri, kisha uje uniambie tena."

Nilirudi nimenuna. Nikasimama uani, mikono kiunoni, natazama. Mpapai wangu. Mlimau wangu. Nyuma ya bafu, mnazi. Umeshafika paa, haujazaa. Nimeumwagia maji ya vyombo miaka yote hii, nimefunga kamba ya nguo juu yake, na nilipomjibu yule mzee haukunijia hata kidogo. Nilisimama pale nikamsikia wifi yangu akisema, "Huu wa Zuhura." Nikakaa kwenye kizingiti cha bafu. Nilikuwa karibu nirudie, mwanangu. Na safari hii sikuwa na kisirani na mtu, wala nia mbaya. Nilisahau tu.

Nimerudi kwa Mzee Chande nikamwambia. Hakunicheka. Alisema mwenye mti hawezi kuwa dalali wa uwanja ulio na mti wake, kwa sababu hatajua anasema kwa mdomo upi. Kwa hiyo hilo jibu lako la Ijumaa umeshalipata: nyumba hii haitakuwa yako ya kwanza pale ofisini. Tafuta nyingine. Zimejaa.

Nawaza watu watakaokuja mezani kwako. Atakuja mama kama mimi, amevaa vizuri, ana maneno matamu, atakuchagua wewe akawaacha wengine, nawe utafurahi. Mimi ningependa siku hiyo ukumbuke kwamba huenda anakupenda kwa kuwa huna muda wa kwenda kukaa kwa majirani zake. Sijui kama ofisi yako itakupa muda huo. Labda mambo ya siku hizi hayaruhusu tena, nyumba zinauzwa mtu hajamaliza kikombe cha chai. Utaona mwenyewe. Mimi sijui ofisi. Ninachokijua ni yule Amade: kazi yake aliifanya safi, na bado shangazi yako alikaa juu ya gogo.

Kukaa kwangu peke yangu humu, kweli kunanitisha. Siwezi kukudanganya. Jioni jenereta ile ikizimwa nyumba inakuwa kubwa. Pemba naitaka, na kukaa nawe nakutaka kuliko unavyodhani. Lakini pia nikifikiri wewe unashuka chapa hapa Palma siku moja, na begi lako, huna mlango wa kuuendea, nasita.

Kabla hujarudi kutoka kwa mama zako wadogo, nitakwenda nyuma ya bafu na kuufunga ukindu mnazi ule. Nimeshauchana, uko hapa karibu na goti langu. Asubuhi ukienda kunawa utauona, na ukiniuliza nitakwambia barua itakueleza.

Basi nakuuliza, Zuhura, kama nilivyotakiwa kumuuliza shangazi yako na sikumuuliza. Una mnazi humu. Tuuze?

Usinijibu kwa ujumbe wa simu ukiwa njiani. Fika kwanza. Lala huko, amka huko, ule chakula cha huko, ndipo uniambie. Ukisema tusiuze, nipo hapa, na jenereta ya hawa watu tutazoeana. Ukisema tuuze, Mzee Chande atamtafuta mnunuzi, na ukindu nitaufungua mimi, kwa mkono ule ule. Ila sitaufungua mpaka uje, wewe na shangazi yako Atija, muuage kwanza.

Mama yako,
Somoe